Pambizo

Alikuja na kitabu kimevunjika mgongo,
amekifunga kwa kanga ya marehemu mama yake,
akasubiri nimalize kupaka gundi ya muhogo
kwenye misahafu mitatu ya madrasa ya Isevya.
Nikakipokea. Nikakifungua kutoka kulia.
Akacheka. "Bi Chausiku, mji mzima huu
ni wewe peke yako ambaye hukukigeuza kwanza."

Herufi zake sikuzijua. Nilijua mshono.
Katikati ya ukurasa palikuwa na maneno machache,
kama moto wa kuni mbili,
na pande zote nne maneno mengine yamekaa kuuota.
"Hawa ni marabi, wanabishana," akasema Luhende.
"Huyu kafa miaka mia tatu kabla ya huyu,
na bado anajibiwa."
"Nani kashinda?"
"Huyu. Lakini tazama, aliyeshindwa yumo.
Hawakumfuta. Huenda siku moja akahitajika."

Nikapitisha uzi kwenye nta ya Sikonge,
nikashona siku mbili.
Hakulipa yote.

Mwaka wa uchaguzi nikauona uso wake
ukutani, kando ya mashine ya kusaga, Ng'ambo,
anatabasamu kama mtu anayebanwa na kiatu.
Dakta wa Kiebrania anataka ubunge!
Wapinzani wakapata pa kushika:
huyo husoma kuanzia mwisho,
atatuongoza kinyumenyume.
Naye jukwaani, badala ya kuahidi kisima,
akauliza, "Nani hapa hakubaliani nami? Apande."
Nkwabi, meneja wake wa kampeni, akajishika kichwa.
Akapanda mkulima wa tumbaku, suruali imekunjwa,
akamsuta nusu saa nzima
hadi kipaza sauti kikaishiwa betri,
na hakuna aliyeondoka.

Alishinda kwa kura mia moja na sita.
Yangu haikuwemo. Nilimwambia hivyo dukani.
"Sababu?" akauliza, na kalamu kaishaitoa.
"Bado nakudai."
Akaandika.

Siku ya muswada wa mizani za tumbaku
nilikuwa na redio kwenye rafu, kati ya visu.
Wanaoafiki waseme ndiyo.
Ukumbi ukaunguruma kama behewa tupu.
Wasioafiki waseme siyo.
"Siyo."
Sauti moja, kavu,
kijiti kinachovunjiwa gotini.
Nafikiri walioafiki wameshinda.
Wakahamia kwenye barabara.

Juzi kashuka na treni ya usiku,
kaja moja kwa moja, koti lina vumbi la njia nzima,
akaweka mezani kumbukumbu za Bunge,
kurasa mia sita, zimeshikwa kwa pini.
Hizi nikazifungua kutoka kushoto.
"Nitafute," akasema.
Nikapitisha kidole. Nikarudia.
Hoja iliamuliwa na kuafikiwa.
Basi. Ndani ya mabano.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja,
mheshimiwa, magoti yamefika kifuani.
"Wameandika mpaka ukingoni," akasema,
"hawakuacha pambizo. Nishonee karatasi tupu,
moja kila baada ya ukurasa."
"Kitakuwa kinene. Hakitafungika."
"Kisifungike."

Akanihesabia noti, deni la zamani kwanza,
kisha akaenda stesheni kutafuta chai.

Nilishona mpaka mafuta ya taa yakanuka utambi.
Nilipoufikia ukurasa ule wa mizani
nikaitoa penseli nyuma ya sikio,
na kwa mwandiko wangu wa darasa la nne,
kwenye karatasi tupu inayoutazama, nikaandika:

Robota la kaka yangu Hamduni, msimu uliopita.
Nyumbani, kilo themanini na moja.
Mnadani, sabini na tatu.

Nikaacha nafasi chini yake
kwa atakayenibishia.